Kivuli cha Mti Hakilingani na Kivuli cha Bati

Saa nane mchana mjini Dodoma, simama chini ya kibanda cha mabati, kisha hamia chini ya mwarobaini. Kote umekingwa na jua, lakini ni chini ya mti tu utakapopata nafuu ya kweli. Bati likipigwa na jua hupata moto na kuushusha kichwani kwako. Jani lina kazi nyingine: maji yaliyofyonzwa na mizizi hutokea kwenye vitundu vyake vidogo sana yakiwa mvuke, na mvuke huo huondoka na joto. Ndiyo maana mama lishe, fundi viatu na bodaboda huweka kijiwe chini ya mti.

Faida haziishii hapo. Matawi hupunguza nguvu ya upepo, majani yakanasa vumbi. Mvua kubwa ikinyesha, matone hutua kwanza kwenye majani, kisha hushuka taratibu hadi kwenye udongo uliolegezwa na mizizi. Maji mengi huzama ardhini badala ya kufurika mtaroni.

Mwaka 2017, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kuifanya Dodoma kuwa ya kijani. Ni kazi njema, ila mji huu una msimu mmoja tu wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Mche uliopandwa kwa shangwe hukutwa na kiangazi kirefu mizizi ikiwa bado mifupi. Hapo ndipo miche mingi hufa.

Kwa hiyo panda mvua zinapoanza. Chimba shimo la sentimita 60 upana na kina, changanya udongo wa juu na samadi, kisha funika udongo unaozunguka shina kwa matandazo bila kuyagusisha gome. Zungushia miiba, maana mbuzi hawasubiri. Kiangazi, maji yaliyosuuza mboga yanatosha kuokoa mche. Miti ya jamii ya mkuyu ikae mbali na karo la choo. Chini ya nyaya za umeme panda mti mfupi kama mpera.

Zaidi ya yote, kila mche ukabidhiwe kaya inayojulikana. Na viongozi wa mtaa wanapotoa taarifa, tuwaulize miti mingapi iko hai baada ya miaka mitatu, kwa sababu idadi ya miche iliyopandwa siku ya uzinduzi haimpi mtu kivuli.