Hela ya hewa ukaa: nani ananunua, kwa nini ananunua, na wewe uulize nini kabla ya kusaini



Swali ninaloulizwa sana siku hizi, kuanzia hapa Ikola mpaka Karema, ni hili: "Afisa, na sisi hela ya hewa ukaa tutaipata lini?" Ni swali la haki kabisa. Wenzetu wa vijiji nane vya wilaya yetu hii hii ya Tanganyika, huko upande wa milima ya Ntakata, wakiwemo wa Mwese, Katuma, Lugonesi na Kapanga, wako kwenye mradi wa misitu na kampuni ya Carbon Tanzania tangu mwaka 2017. Vijiji vyao vimeshapokea mabilioni ya shilingi. Wamejenga madarasa na zahanati, wanalipa walinzi wa msitu, na kuna vijiji vilivyowakatia wananchi wake bima ya afya. Ukiyaona hayo halafu ukarudi kwako ukakuta zahanati haina hata kitanda, lazima uulize.

Ila mimi nataka tuanze na swali lingine: hiyo hela inatoka mfukoni kwa nani, na huyo mtu ananunua nini? Kwenye mpunga hakuna anayelima bila kujua mnunuzi wake ni nani. Na hii nayo ni biashara. Ukijua kwa nini kampuni inanunua, utajua pia ni kitu gani kinaweza kuifanya iache kununua, wakati wewe umeshaifunga ardhi yako kwa miaka 30.

Krediti moja ni kitu gani

Krediti moja ya kaboni ni tani moja ya hewa ukaa ambayo haikwenda angani, au iliyokuwa angani ikavutwa ikahifadhiwa. Basi. Kukupa picha: ukichoma lita kama 370 za dizeli kwenye trekta, umetoa tani moja ya hewa ukaa.

Sasa tani hizi ziko za aina mbili, na tofauti yake ni kubwa sokoni.

Aina ya kwanza ni tani iliyozuiliwa. Msitu upo, ulikuwa uko njiani kufyekwa kwa mashamba ya kuhamahama, kijiji kikaamua kuulinda. Hewa ambayo ingetoka haikutoka. Mradi wa Ntakata ni wa aina hii.

Aina ya pili ni tani iliyovutwa. Umepanda miti pasipokuwa na miti, au umelima kwa namna inayoongeza mboji kwenye udongo. Mmea umevuta hewa ukaa, ukaiweka kwenye mti na ardhini.

Shika hizo mbili, tutazirudia.

Kampuni inahesabuje hewa yake

Makampuni makubwa ya Ulaya, Marekani na kwingineko yametangaza malengo ya tabianchi. Utasikia "tutafika sifuri ifikapo 2050". Ili kufika huko lazima kwanza wahesabu wanatoa kiasi gani, na wanahesabu kwa mafungu matatu.

Chukua mashine ya kukoboa mpunga kama mfano. Fungu la kwanza ni moshi unaotoka pale pale kwa mwenye mashine, yaani injini yake ya dizeli na gari lake. Fungu la pili ni umeme anaonunua, maana na huo umezalishwa mahali. Fungu la tatu ni kila kitu kilichobaki kwenye mnyororo: mbolea iliyotumika kwenye mpunga wa wakulima wanaomletea, malori ya watu yanayosafirisha mchele, mifuko, mpaka mkaa wa anayeupika. Kwa makampuni mengi fungu la tatu ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo gumu, kwa sababu liko mikononi mwa watu wengine.

Kampuni ikishajua hesabu yake ina njia mbili. Inaweza kupunguza yenyewe kwa kubadilisha mitambo, umeme na magari. Hiyo ni ghali na inachukua muda. Au inaweza kulipa mtu mwingine apunguze au avute hewa kwa niaba yake. Hapo ndipo krediti za Ntakata zinapoingia. Kampuni inanunua krediti, inazifuta kwenye rejesta zisiuzwe tena, halafu inasema: tani hizi tumezifidia.

Je, krediti inahesabika kwenye lengo?

Hapa ndipo mjadala wote wa dunia ulipo, na unamgusa kijana wa Katavi moja kwa moja.

Kuna taasisi inaitwa Science Based Targets initiative, kwa kifupi SBTi. Kazi yake ni kukagua malengo ya makampuni na kusema hili linaendana na sayansi, hili haliendani. Oktoba 2021 ilitoa kiwango chake cha kufika sifuri. Kwa lugha rahisi kinasema hivi: kampuni nyingi zinatakiwa zipunguze zenyewe asilimia 90 hivi ya hewa yao kabla ya kupita 2050. Ile asilimia ndogo inayobaki, ambayo haiwezekani kuiondoa, ndiyo ifidiwe, na ifidiwe kwa tani zilizovutwa. Krediti za kuzuia ukataji wa msitu hazihesabiki kwenye lengo. Kampuni inahimizwa kuzinunua kama mchango wa ziada kwa dunia, lakini haziwezi kuchukua nafasi ya kazi yake mwenyewe.

Aprili 2024 bodi ya SBTi ikatangaza nia ya kuruhusu vyeti, zikiwemo krediti za kaboni, vitumike kwenye lile fungu la tatu. Wafanyakazi wa taasisi hiyo hiyo wakaja juu hadharani. Hoja yao: ukiiruhusu kampuni inunue njia ya mkato, haitabadilisha mitambo. Wengine wakasema: ukikataa krediti, hela ya kulinda misitu ya watu maskini itatoka wapi?

Ukweli ni kwamba pande zote mbili zina hoja. Mimi ninachotaka ukione ni hiki: mtu akibadilisha sentensi moja kwenye mwongozo huko mbali, hamu ya kununua tani za misitu yetu inapanda au inashuka. Mkulima wa tumbaku anajua habari hii. Ukitegemea mnunuzi mmoja mwenye masharti yake, siku akibadilisha masharti unabaki na mzigo.

Kwa nini wanunuzi wamekuwa waoga

Januari 2023 gazeti la Guardian la Uingereza, Die Zeit la Ujerumani na waandishi wa SourceMaterial walichapisha uchunguzi kuhusu krediti za misitu zilizothibitishwa na Verra, taasisi kubwa kuliko zote kwenye kazi hiyo. Walidai kwamba zaidi ya asilimia 90 ya krediti za misitu ya mvua walizozichunguza hazikuwakilisha upungufu wa kweli. Verra ilipinga vikali njia iliyotumika kuhesabu. Lakini wanunuzi wengi walitetereka.

Ugomvi ulikuwa kwenye kitu kimoja: makadirio ya kulinganishia. Ili useme umezuia tani 1,000, lazima kwanza ukadirie msitu ungekatwa kiasi gani kama mradi usingekuwepo. Ukikadiria kwamba ungekatwa wote wakati ungekatwa robo tu, umeuza hewa mara nne ya ukweli. Ni sawa na kuuza gunia la lumbesa kinyume chake: umelishona vizuri, ndani nusu pumba.

Ulaya nayo imebana. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2024, inayoanza kutumika Septemba 2026, inayokataza kumwambia mteja kwamba bidhaa haina madhara kwa hali ya hewa kwa sababu tu mwenye bidhaa amenunua krediti. Kwa hiyo kampuni iliyokuwa inanunua ili iandike maneno mazuri kwenye paketi, sababu yake imekwisha. Inayobaki ni ile inayotaka krediti ya uhakika, yenye ushahidi.

Maana yake kwetu? Ubora unalipa. Kijiji chenye mpango mzuri wa matumizi bora ya ardhi, walinzi wanaoingia msituni kweli, na mihutasari ya mkutano mkuu inayoonekana, krediti yake ina nafasi hata soko likiyumba.

Kuna jambo lingine wanunuzi wanaliangalia, nalo linatuhusu sisi wa ziwani: kuhama kwa ukataji. Msitu ukilindwa Mwese, halafu wakulima wakahamia huku bondeni kufyeka mwingine, hewa iliyookolewa kule imepotea huku. Ndiyo maana kilimo cha eneo dogo lenye mavuno makubwa, kazi yetu ya kila siku mimi na wewe, ni sehemu ya biashara hii hata kama kijiji chako hakina mkataba wowote.

Vipi kuhusu shamba langu mwenyewe?

Hela ya Ntakata ni ya msitu wa kijiji, mamilioni ya miti kwenye eneo kubwa. Shamba la ekari tano ni habari nyingine.

Mfano mzuri uko Kenya magharibi. Shirika la Vi Agroforestry liliendesha mradi wa kaboni ya kilimo uliolenga wakulima wapatao 60,000 kwenye hekta 45,000: mboji, matandazo, kutochoma mabaki, miti ndani ya shamba. Mwaka 2014 walipata krediti zao za kwanza, na Benki ya Dunia kupitia mfuko wake ikanunua. Ilikuwa hatua kubwa kwa mkulima mdogo Afrika. Lakini gawanya hekta hizo kwa wakulima hao: kila mtu ana chini ya hekta moja. Hela ya krediti kwa mtu mmoja ilikuwa ndogo. Kilichomnufaisha zaidi ni mavuno kuongezeka.

Tupige hesabu ya mfano, siyo bei ya soko. Ekari tano, kila ekari ivute nusu tani kwa mwaka, ni tani mbili na nusu. Tuseme dola 10 kwa tani: dola 25. Toa gharama za kupima, kukagua na kuuza, tuseme nusu. Umebakiwa na dola 12 na senti. Hiyo ni kwa mwaka mzima! Sasa kama mboji na matandazo yale yale yamekuongezea magunia mawili tu ya mahindi kwa ekari, faida iko wapi?

Kwa hiyo lima vizuri kwa ajili ya gunia. Krediti ikija, iwe nyongeza.

Maswali saba kabla ya kunyoosha mkono mkutanoni au kusaini

1. Mradi umesajiliwa? Tanzania ina Kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022 chini ya Ofisi ya Makamu wa Rais, na Kituo cha Taifa cha kufuatilia kaboni kipo SUA, Morogoro. Asiye na usajili asipewe hata ramani ya kijiji.
2. Tunauza tani za aina gani, za kuzuia au za kuvuta? Nani anathibitisha?
3. Mkataba ni wa miaka mingapi? Miradi ya misitu huwa miaka 20, 30 au zaidi. Mtoto wako wa leo atalima wapi mwaka wa 25?
4. Mgawanyo unahesabiwa kabla au baada ya kutoa gharama? Hapa watu wengi wanapigwa.
5. Bei ikishuka au mnunuzi akiondoka, tunaweza kutoka? Kwa masharti gani?
6. Moto ukipita, nani anabeba hasara? Miradi mizuri huweka sehemu ya krediti pembeni kama akiba ya majanga.
7. Mnunuzi ni nani, na yeye mwenyewe anapunguza hewa yake au ananunua tu?

Kumbuka pia kwamba kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na mkutano mkuu wa kijiji una sauti. Vijana tuna tabia ya kuwaachia wazee mikutano halafu tunalalamika vijiweni. Siku ajenda ya kaboni ikifika Ikola, uwe umekaa mbele na karatasi yako ya maswali. Na mtu yeyote anayepita nyumba kwa nyumba akidai ada ya "kuandikishwa kaboni", usimpe hata mia. Mnunuzi wa kweli analipa yeye.

Msimamo wangu ni huu. Hela ya hewa ukaa ni ya kweli, ya Ntakata tumeiona kwa macho. Ila inategemea ahadi za makampuni yaliyo mbali, na ahadi hizo bado zinaandikwa na kufutwa. Ardhi unayo wewe leo. Usiiweke rehani kwa ahadi ambayo hujaisoma.

Ukiletewa karatasi ya mradi wowote, ije kwanza ofisini tuisome pamoja kabla hujasaini. Kazi njema shambani.