Wapokomo wa Mto Tana na Mtahiniwa wa Fasihi Simulizi

Mwalimu, waulize watahiniwa wako hapa Malava wakutajie mfano wa bembelezi. Watakupa wimbo wa Kikabrasi waliolazwa nao, na ni vyema. Lakini ni wangapi watakaokumbuka kwamba lahani ya wimbo wa taifa wanaouimba gwarideni ni ya bembelezi ya Wapokomo? Mwaka wa 1963 jopo la wanamuziki liliichukua lahani hiyo na kuitilia maneno mapya. Hapo pana hoja nzito: utanzu umebadilika dhima, kutoka kumlaza mtoto hadi kuamsha uzalendo.

Wapokomo ni wakulima na wavuvi wa kingo za Tana, mto mrefu zaidi nchini Kenya. Mto ndio ramani yao. Makundi yao, kama Wabuu, Wandera na Wazubaki, yamepangana kwa kufuata maji. Wa juu wengi wao ni Waislamu. Kule chini Ukristo ulienea kupitia wamisheni wa Kijerumani walioingia karne ya 19. Mafuriko ndiyo yaliyorutubisha mashamba ya mpunga na migomba, nayo yamepungua tangu mabwawa ya juu, likiwemo la Masinga la mwaka wa 1981, yalipojengwa. Ukiulizwa jinsi mabadiliko ya mazingira yanavyoathiri nyimbo za kazi, anzia hapo.

Kosa linalowaponza wengi ni kukiita Kipokomo lahaja ya Kiswahili. Sivyo! Kiamu na Kimvita ndizo lahaja. Kipokomo, sawa na Kimijikenda na Kikomoro, ni lugha dada ya Kiswahili katika kundi la Sabaki. Linganisha na kwetu: Kikabrasi na Kiwanga huhesabiwa kuwa lahaja za Kiluhya, ilhali Kigusii, ingawa ni Kibantu vilevile, ni lugha nyingine.

Kuhusu asili yao, wazee husimulia safari kutoka Shungwaya, kaskazini, simulizi wanayoshiriki na Wamijikenda. Wanahistoria wangali wanabishana juu ya Shungwaya. Mtahiniwa aijadili kama mighani: aonyeshe inavyounganisha jamii, asiinukuu kama hati ya serikali.

Na Fumo Liyongo je? Tumezoea kumfungia Pate. Hata hivyo Wapokomo nao humsimulia, na kaburi linalosemekana kuwa lake liko Kipini, Tana inapoingia baharini. Anayeandika kwamba Liyongo ni shujaa wa Waswahili peke yao, mwambie kwanza alieleze kaburi hilo.