Robo fainali imefika: makuta ya timu yaende wapi?

Mashindano ya Génies en herbe, yale ya maswali na majibu kati ya shule kwenye televisheni, yakishafika katikati, kamati ya wazazi huanza kuchanga makuta. Watoto wameingia nane bora, prefe anatembea kifua mbele, na kila mzazi ana wazo lake: tisheti zenye jina la shule, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) aje kuwanoa, bando la intaneti, vitabu. Makuta hayatoshi kwa yote hayo, na mara nyingi kinachonunuliwa kwanza ni kile kitakachoonekana kwenye kamera.

Kabla ya kununua chochote, tafuteni karatasi za alama za mechi zilizopita. Jumla peke yake hudanganya. Mchezo huu ulianzia Radio-Canada mwaka 1972 na una duru za aina nyingi, kwa hiyo nitaazima kanuni za ndugu yake wa Uingereza, University Challenge, ambazo ni nyepesi kuzieleza. Swali la kuwahi kengele lina alama 10. Aliyelipata anapewa matatu ya nyongeza, kila moja alama 5.

Sasa tazama timu mbili. Ya kwanza imemaliza na alama 200: imewahi kengele mara 8 na kujibu nyongeza zote 24. Ya pili nayo ina 200, lakini imewahi mara 12, na katika nyongeza 36 imepata 16 tu. Ubaoni ziko sawa. Kumbe moja inajua mambo na inachelewa, nyingine ina mkono mwepesi na mapengo kichwani. Zikikutana, mimi ningeipa nafasi kubwa ile ya pili, kwa sababu kila kengele inayoiwahi humnyima mpinzani alama 10 na nyongeza zake pia. Ila ile ya kwanza ndiyo yenye tiba ya bei nafuu. (Na mkumbuke nani mlimpiga. Alama nyingi mbele ya timu dhaifu si hoja.)

Timu inayochelewa inunuliwe kengele. Msiagize ya dukani. Wanafunzi wa seksheni ya umeme wanaweza kuiunda kwa vitufe, waya, taa ndogo, rilei chache na betri ya volti 9. Sharti ni moja: anayebonyeza kwanza awazime wengine wote, la sivyo mazoezi yanageuka ugomvi wa nani alitangulia. Betri ina faida nyingine ambayo mkaaji yeyote wa Lubumbashi anaijua: SNEL ikikata umeme, mazoezi yanaendelea.

Kuwahi nako kuna mtego wake. Muulizaji anasoma: "Mwaka 2010 TP Mazembe ilicheza fainali ya Kombe la Dunia la vilabu..." Kijana wetu wa komini ya Kenya au Kamalondo anabonyeza hapo hapo na kujibu "Inter!" Swali lilikuwa linaishia: "...dhidi ya Inter Milan; fainali hiyo ilichezwa mji gani?" Jibu ni Abu Dhabi. Kwenye University Challenge, kukatiza swali na kukosea kunagharimu alama 5, na mpinzani anasomewa swali lote. Kengele ya mazoezi ndiyo inayomfundisha mtoto kusubiri neno moja zaidi.

Timu yenye mapengo ina hesabu ngumu zaidi. Bando linaisha hata kama hakuna aliyesoma kitu, na simu yenye intaneti ina vishawishi vyake. Ensaiklopidia ya karatasi ni ghali, na inasomwa na mtu mmoja kwa wakati. Kama lazima mnunue kitabu, nunueni atlasi. Kabla ya hapo, pitieni mediateki ya Institut français pale Halle de l'Étoile. Lakini kwa makuta machache, hakuna ninachokiona kinaishinda Kiwix, programu ya bure inayoweka Wikipedia ya Kifaransa ndani ya simu ili isomwe bila intaneti. Toleo lenye picha ni makumi ya GB, lisilo na picha ni jepesi zaidi. Mlipakue mara moja tu, mahali penye mtandao mzuri, kisha mnakili kwenye kadi ya memori ya simu ya kila mchezaji. Angalieni mpangilio wa kadi: ile ya FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, na mtu anaweza kudhani kadi imekufa.

Mkufunzi analipwa kila akija. Mimi ningemwita kwa kuuliza maswali tu, asifundishe. Wiki mbili za maandalizi hazitoshi kumpa mtoto historia ya dunia. Tisheti? Yunifomu iliyopigwa pasi inatosha.

Halafu kuna swali ambalo kamati haipendi kuliuliza: nafasi ya kombe ni kiasi gani? Tuseme timu yenu ina uwezo wa kushinda mechi 6 katika kila 10. Ukibaki mtoano wa mechi tatu, nafasi ya kuzishinda zote ni kama 22 kwa 100. Timu ya kushinda 7 kwa 10 ina 34. Hata ile ya 8 kwa 10, ambayo mtaa mzima unaitabiria kombe, ina 51 tu. Kanuni zikiruhusu kupoteza mara moja, kama robo fainali za University Challenge ambapo lazima ushinde mbili kabla hujapoteza mbili, timu yetu ya 6 kwa 10 inavuka hatua hiyo kwa nafasi ya karibu 65 kwa 100. Kwa hiyo someni kanuni za kituo chenu kabla ya kukopa.

Ningekuwa mweka hazina, ningetenga kwanza pesa ya kombi ya kwenda studio na kurudi usiku, maana timu iliyochelewa haina nafasi yoyote ya kuhesabiwa. Nusu ya kilichobaki ningeiweka kwenye kengele na kadi, ambazo zitabaki kabatini kwa wachezaji wa mwakani. Mkufunzi angepata sehemu yake baada ya hapo, na tisheti zingesubiri nusu fainali.