Mbayuwayu na kasa: hesabu mbili za umri

Miezi ya kaskazi, nyaya za umeme za pwani yetu hujaa mbayuwayu wa Ulaya: mgongo wa buluu iliyokoza, koo jekundu, mkia wa panda. Uzito wake ni gramu 20 hivi. Baharini, kasa wa kijani anakula nyasi za chini ya maji. Kasa mmoja wa kilo 150 ni sawa na mbayuwayu 7,500.

Wote wawili ni wasafiri. Mbayuwayu aliyevishwa pete Staffordshire, Uingereza, Mei 1911, alipatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Naye kasa aliyefungwa kifaa cha satelaiti visiwani Chagos aliogelea karibu kilomita 4,000 hadi Somalia. Na wote hurudi kuzaa kule walikozaliwa, au jirani na hapo.

Wanapoachana ni kwenye malezi. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na mbayuwayu anaujua usemi huo kwa mbawa zake. Baba na mama hujenga kiota kwa matonge ya tope, kisha hulisha makinda manne au matano wadudu kutwa nzima, wiki tatu mfululizo. Kasa hupanda ufukweni usiku, akafukua shimo, akataga mayai 100 hivi, akayafukia na kurudi majini. Mlezi ni mchanga. Ndio unaoamua hata jinsia: ukiwa na joto zaidi hutoa majike, ukipoa hutoa madume. Inakadiriwa kwamba katika vitoto elfu, mmoja tu hufikia utu uzima.

Hapo ndipo hesabu ya umri inapokuwa nzito. Mbayuwayu huanza kuzaa akiwa na mwaka mmoja; mwaka wenye wadudu tele unaweza kufidia mwaka wa ukame. Kasa husubiri miaka 25, pengine zaidi. Jike anayenasa kwenye jarife akakosa hewa hana wa kushika nafasi yake kesho, wala mwaka ujao. Pengine yai lililomtoa lilitagwa kabla mvuvi mwenyewe hajazaliwa.

Ndiyo maana subira hulipa. Oktoba 2025, Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili (IUCN) ulimwondoa kasa wa kijani katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka. Hayo ni mavuno ya fukwe zilizolindwa kwa miongo mingi, ingawa si kila pwani imevuna sawa.

Kule Watamu, Kenya, mvuvi akimnasa kasa hupiga simu kwa shirika la Local Ocean Conservation. Kasa hupimwa, huvishwa alama, huachiwa. Tuzime taa zinazomulika ufukwe na kupotosha vitoto, na mayai tuyaache mchangani. Kwa mbayuwayu tunatunza msimu ujao. Kwa kasa tunatunza ufukwe ambao wajukuu wetu ndio watakaomwona akiupanda.