Gitaa Lisilokuwapo

Msomaji wa Mulongo, Haut-Lomami, anauliza. Mwanawe amerudi kutoka Lubumbashi, simu imejaa muziki wa bendi ya Konono. Mzee anakitambua kisanji, ile ala ya ndimi za chuma ambayo Kinshasa huitwa likembe, lakini anasikia pia gitaa la roki. Gitaa hilo analipiga nani?

Historia naipitia mbio. Mingiedi Mawangu alianzisha Konono No. 1 mjini Kinshasa katika miaka ya 1960, akaunda maikrofoni kwa sumaku za vipuri vya magari makuukuu ili likembe isizidiwe na kelele za jiji. Mbelgiji Vincent Kenis aliisikia bendi hiyo redioni, akaisaka kwa miaka, na mwaka 2004 kampuni ya muziki ya Crammed Discs ya Brussels ikatoa albamu Congotronics. Mashabiki wa muziki wa majaribio wakapagawa. Kisha mwimbaji Björk akawaita wapige katika wimbo wake "Earth Intruders" wa mwaka 2007.

Sasa utamu wenyewe. Ulimi wa chuma uliobanwa upande mmoja ukiguswa hutoa sauti yake kuu, na nyingine iliyo juu yake mara sita na ushei, ambayo hufa papo hapo. Inayobaki ni safi mno, karibu tupu. Mafundi wa zamani hawakuupenda utupu huo, ndiyo maana huzivika ndimi vikuku vya bati vivume.

Amplifaya hufanya kazi ya vikuku hivyo kwa ukatili zaidi. Fikiria mtoto kwenye bembea chini ya mwembe, tawi moja nene mbele na jingine nyuma. Ukimsukuma polepole, anakwenda na kurudi kwa ulaini. Msukume kwa nguvu: anagonga tawi, anarudi, anagonga la pili. Mwendo ni uleule, hesabu ya safari ni ileile, ila kila ncha imekatwa ghafla. Na ghafla hiyo, ukiipima, ina mitikiso ya kasi iliyopachikwa juu ya ule wa kwanza: mara tatu, mara tano, mara saba. Tawi likiwa upande mmoja tu, inajitokeza ya mara mbili na ya mara nne pia. Matawi ni kikomo cha umeme wa amplifaya. Anayesukuma ni yule aliyefungulia sauti hadi mwisho.

Kinachonifurahisha kuliko vyote: gusa ndimi mbili pamoja, moja ya mitikiso 200 kwa sekunde, nyingine 300, na spika itatoa hata 100 ambayo hakuna kidole kilichoigusa. Ndiye mpiga gitaa wako, mzee.

Vitabu huuita mkato huo wa ncha "upotoshaji wa sauti". Siutaki, unanuka mahakama. Mimi nasema mkwaruzo. (Maikrofoni na spika nazo hukwaruza kwa namna zao, tuziache.)

Mwombe kijana akutafutie Congotronics 2 ya mwaka 2005, yenye Basokin, wanamuziki wa Kisongye. Akurushie faili lenyewe kwa Bluetooth, asirekodi kutoka kwenye spika ya simu nyingine. Spika hiyo ndogo ina matawi yake, nayo yako chini sana.