Programu ikibadilisha jina, nani analipa?

Wenzangu, nianze na aibu yangu mwenyewe. Wakati naandika memwari ya licence, silabusi yetu ya enformatike ilisema: ukitaka kuandika bila kulipa programu, chukua OpenOffice. Basi nikanunua mega za usiku, nikaishusha, nikaandika karibu kurasa 60 juu ya maharage. Karibu na siku ya depo, direktere wangu akaomba faili ya docx. Kumbe OpenOffice inafungua docx, lakini haiwezi kuhifadhi hivyo! Nikajaribu kupitia muundo wa zamani, tablo zote zikavurugika. Mwenzangu wa promosyo akacheka: "We, wenye kuitengeneza walihamaga zamani. Hiyo kitu leo inaitwa LibreOffice."

Historia yake ni hii. Mwaka 1999 kampuni ya Sun ilinunua StarOffice kutoka kwa Wajerumani, na mwaka 2000 ikaachia watu wote kodi yake, kwa jina la OpenOffice.org. (Ile ".org" haikuwa pambo. OpenOffice tupu lilikuwa tayari jina la wengine.) Mwaka 2010 Oracle ikamaliza kununua Sun. Watengenezaji wengi hawakuwa na imani na tajiri mpya, na tarehe 28 Septemba mwaka huo wakatangaza The Document Foundation. Wakaomba Oracle iwaachie jina. Hawakulipata.

Hapa njo kuna jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Leseni ya programu huria inakupa kodi: unaichukua, unaibadilisha, unaigawa. Jina halimo. Jina ni alama ya biashara, liko na mwenyewe. Basi wale watu wakaondoka na kodi yote mikono mitupu, kama mtu anayehama na mbegu zake zote lakini bango la duka linabaki barabarani. Wakajiita LibreOffice. Mwaka 2011 Oracle ikapeleka jina la zamani kwa Apache Software Foundation, ambako liko mpaka leo.

Nani alilipa? Kwanza wao: tovuti mpya, alama mpya, kazi ya kueleza upya kila siku kwamba "siye ndio wale wale". Lakini sehemu kubwa ya deni ilituangukia siye watumiaji. Watengenezaji wanaweza kuhama kwa siku moja. Vitabu, silabusi na mazoea ya watu havihami. Toleo kubwa la mwisho la OpenOffice, 4.1, ni la 2014. Tangu hapo ni marekebisho madogo madogo. Na bado watu wanaishusha, kwa sababu njo jina wanalolijua. Oktoba 2020 The Document Foundation iliandika barua ya wazi kuomba wenzao wa Apache wawaambie watumiaji kwamba LibreOffice ipo. Miaka 10 baada ya kuhama!

Hata ndani ya mashine jina la zamani halifi. Fungua folda ya LibreOffice: faili inayoianzisha inaitwa soffice, toka enzi za StarOffice. Ukiigusa, programu zingine zinazoiita kwa jina hilo zinakwama.

Si kila mara bei inapanda hivyo. Firefox iliitwa Phoenix 2002, ikawa Firebird 2003, halafu Firefox 2004, lakini ilikuwa bado changa. Wana-agro wenzangu wanaochora karte wanajua QGIS. Mwaka 2013 waliondoa neno Quantum, na hakuna aliyepotea, maana kila mtu alikuwa anasema QGIS tu.

Kwetu katika botaniki tumezoea mabadiliko. Nyanya iliitwa Lycopersicon esculentum, leo ni Solanum lycopersicum, na kitabu kizuri kinaandika jina la zamani pembeni kama sinonimu, ili anayetafuta afike. Katika programu hakuna sheria kama hiyo. Mwenye jina la zamani halazimishwi kukuonyesha njia.

Mimi nililipa usiku mzima wa kuandika tablo upya, na mega zingine za kushusha LibreOffice. Mwaka jana mdogo wangu alinionyesha silabusi yake, ile ile. Bado inasema OpenOffice.