Bosi Hanioni, Cheo Nitapandaje?

Mwenzangu, unanionea wivu kufanya kazi nyumbani? Ngoja nikupe siri. Korona ilipotutoa ofisini mwaka 2020, sisi wa huduma kwa wateja hatukurudishwa tena. Nafanyia kazi sebuleni kwangu Tabata: juu blauzi ya kikao, chini kanga. Foleni siijui, na mwanangu namwogesha mwenyewe.

Raha? Raha ipo. Lakini mwaka jana ilitoka nafasi ya usimamizi, nikaisikia ikiwa imeshachukuliwa na kaka mmoja anayekunywa chai na mkubwa makao makuu. Niliumia, jamani! Ripoti zake nilikuwa namrekebishia mimi.

Nikawauliza wenzangu. Mmoja hataki kurudi, nauli inabaki mfukoni. Mwingine anakosa stori za mchana, maana ndimo habari za nafasi zinamopita. Wa tatu alinichana laivu: "Dada, kazi yako nani anaijua?"

Kumbe inawezekana. GitLab, kampuni isiyo na ofisi, taratibu zake imeziandika na kuziweka wazi kwenye intaneti. Huhitaji kukaa karibu na sikio la mtu.

Siku hizi kila Ijumaa naandika niliyoyamaliza, namtumia bosi. Pia nilimwomba nafasi zitangazwe kwa maandishi, kwa wote, siku moja. Amekubali. Inayofuata inatoka mwezi ujao, nami naomba. Nikikosa, safari hii nitaambiwa sababu.

Wewe je, bosi wako anakujua kwa kazi au kwa sura?